Kiganja Mbele ya Pua

Ukitaka kuijua harufu ya ukame, usiitafute kwenye vumbi. Itafute kwenye mizoga, ile harufu tamutamu ya kichefuchefu iliyotujia kila upepo ulipovuma kutoka upande wa barabara ya Garsen. Msimu ule kijijini kwetu kazi ya asubuhi ilikuwa moja tu, kuinua ng'ombe. Majirani walizunguka boma kwa boma, wawili wakishika mkia, wawili pembe, wengine wakisukuma ubavu, "Haya, bismillahi!", mpaka mnyama asimame akitetemeka. Aliyeshindwa alichinjwa papo hapo angali hai, kwani akijifia ni kibudu, na sisi Waislamu hatuli kibudu.

Baba yangu, Godana, alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja mweupe, na alikuwa mbishi, wallahi, mbishi kuliko ukame wenyewe. Siku ng'ombe huyo alipokataa kuinuka, jirani yetu Mzee Barisa alimnyooshea kisu.

"Godana, mchinje. Wanao wamelala njaa."

"Kwani nimekufa mpaka mnirithi? Ng'ombe anayepumua ni ng'ombe. Mvua i karibu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Barisa akasema, akilitazama tumbo la mdogo wangu bila haya. Watu wakacheka.

Baba akaniketisha kichwani pa ng'ombe, kiganja changu mbele ya pua yake. "Hawa, pumzi ikipungua, niite." Mama alikuwa keshabandika sufuria ya maji, maana yeye hakuwa na ubishi. Jua lilipopanda pumzi ikawa nyembamba, nikaita. Baba akaja mbio na kisu, wakamgeuza ng'ombe kuelekea kibla. Hapo akainua shingo, akashusha pumzi moja ndefu ya moto, ikanilowesha mkono. Baba akatabasamu. "Mnaona? Anapata nafuu!" Akarudisha kisu alani, akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

Nikangoja pumzi nyingine. Haikuja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baba aliporudi akakata koo, damu haikuruka. Barisa akaitazama, akatema mate. "Wape tai." Mama akaepua sufuria, akayamwaga maji mbele ya mdogo wangu aliyekuwa ameshika sahani. Nilimchukia Baba siku ile, na nilimchukia kwa miaka.

Leo Garsen nyama inaning'inia buchani mpaka magharibi, na wajukuu wa Baba wanachagua vipande. Mwezi uliopita yeye alikuwa amelala chumbani kwangu, mapafu yamechoka, jamaa wamejaa mpaka barazani. Alasiri moja akashusha pumzi ndefu, uso ukalegea. "Alhamdulillahi, amepata nafuu," wakasema, na shangazi akainuka kwa furaha kwenda kubandika chai. Kiganja changu kilikuwa tayari mbele ya pua ya Baba. Nilingoja, kama nilivyofundishwa.

"Shangazi, acha chai," nikasema. "Njoo tumgeuze kuelekea kibla."