Mama Mwanaidi na kamera isiyo na filamu

Leo mke wangu, Mama Mwanaidi, amenigombeza dukani mbele ya watu, nami nimetoka nikiwa na furaha tele.

Tulikwenda kuchagua kamera yangu ya kwanza ya DSLR.
(Ndani ina kioo, kwa hiyo unachokiona wewe ndicho lenzi inachokiona.)

Nikawa njia panda kati ya mbili. Moja mpya na nyepesi. Nyingine imetumika, lakini inajaa mkononi.

Muuzaji akasema, "Mzee, mpige bibi picha kwa zote mbili, utajua mwenyewe."

Kwa wasiomjua Mama Mwanaidi: nyumbani kwetu, mtaa wa Nguvumali, akicheka majirani husikia. Mbele ya kamera hukauka. Picha zake zote, tangu ya harusi, ni kama za kitambulisho. Mimi nilitaka moja tu yenye uso wake.

Kwa ile nyepesi, akakauka.

Ile iliyotumika, kumbe imewekwa kupiga mfululizo. Nikabonyeza: ta-ta-ta-ta.

"Baba Mwanaidi, unamaliza filamu!" mke wangu akafoka.

(Vijana, miaka ya themanini, maduka yakiwa matupu, filamu ilikuwa adimu kama sabuni. Ukisimama kupigwa picha, hupumui.)

"Bibi, hii haina filamu," muuzaji akamwambia.

Akajishika mdomo, kisha akauachia, akaangua kicheko. Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza.

Tukaitazama picha sote watatu kwenye skrini ya kamera. Ni yeye hasa, pengo la jino na vyote.

Nimechukua hiyo iliyotumika.

Picha amenikataza kuiweka hapa. Shemeji zangu wa Pangani, hebu mwombeni ninyi, pengine atawasikia.