Karatasi ya Misioni

Hapa Bukavu mtu akisema anaenda misioni, jirani wa kwanza atamuuliza ni ya siku ngapi, na wa pili atamuuliza kama gari limeshafika. Kila mtu anajua maana yake. Mwenye kazi ofisini anapewa karatasi yenye mhuri, ordre de mission, anapanda gari la mradi, anakwenda Sange au Lwiro kukagua visima, na kila usiku anaolala nje ya nyumba yake unalipwa. Wake wa mji huu wanazijua misioni za waume zao kuliko wanavyozijua sikukuu. Kuna watoto wa shule ambao ukiwauliza wanataka kuwa nini wakikua, wanajibu kwamba wanataka kwenda misioni.

Hayo yote niliyajua. Mimi si mtu wa kupotezwa na neno. Nina diploma mbili, moja ya theolojia na moja ya uongozi, na zote nilizipata Nairobi kwa mgongo wangu, bila baba wala mfadhili. Miaka mitatu nililala kwenye stoo ya mfanyabiashara wa magodoro. Mchana nilibeba, jioni nilisoma. Katika ukoo wetu wa Nyantende hakuna aliyewahi kuvaa joho kabla yangu. Niliporudi nilijenga Bagira, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vigae sebuleni, na diploma zangu nilizitia kwenye fremu nikazitundika mahali ambapo mgeni akikaa tu anaziona. Hakuna aliyenichangia hata msumari. Nilikuwa nikilisema hilo mara nyingi, hata nilipokuwa sijaulizwa.

Wito ulimjia mke wangu kabla haujanifikia mimi. Yeye ni mkunga. Mchungaji mmoja kutoka Madagaska alikuja kufundisha semina, akalala kwetu wiki nzima. Siku moja mezani alituambia habari za vijiji vya wavuvi kusini mwa kisiwa chao, ambako mwanamke anazaa akiwa na mama yake tu pembeni, na ambako hakuna aliyewahi kufika kuwasomea Neno. Mke wangu alikuwa ameshika birika la chai. Aliliweka chini na hakulishika tena mpaka mgeni alipomaliza kusema. Baadaye, tukiwa tunaosha vyombo, aliniambia: “Papa, kule njo tunaitwa.” Hakusema “nadhani”. Katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwa nimemsikia akisema jambo kwa uhakika wa namna hiyo.

Shirika la kutuma wamisionari lilitukubali haraka, na sikushangaa, maana mkunga na mwalimu wa theolojia kwenye nyumba moja hawapatikani kila siku. Lakini lilikuwa na sharti. Halilipi mshahara. Kila familia inatafuta yenyewe watu wa kuibeba: nyumba arobaini, kila moja itoe kidogo kila mwezi kwa miaka mitatu, majina yao yaandikwe na kutumwa kabla kiangazi hakijaisha. Ikishindikana, nafasi inapewa familia nyingine iliyokuwa ikingoja.

Nyumba arobaini. Nilicheka. Nilikuwa nikifahamiana na nusu ya mji.

“Papa, andika barua,” mke wangu alisema. “Useme tunaomba.”

“Tunaomba nini?”

“Musaada. Si kile njo tunatafuta?”

“Mimi tangu nizaliwe sijaomba mtu.”

“Basi anza.”

Alisema hivyo akitabasamu, na ningeweza kutabasamu nami na kuandika. Badala yake nilikwenda kwenye duka la mashine za kuchapa, nikaitengeneza karatasi kama zinavyotengenezwa za ofisini. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: ORDRE DE MISSION. Chini yake majina yetu na ya mabinti zetu wawili, mahali tunapokwenda, muda, miaka mitatu, usafiri, ndege. Kazi: kuhubiri na kuzalisha. Mwishoni mhuri wa kanisa na sahihi ya mchungaji wetu, ambaye alitia sahihi bila kusoma kwa sababu ananiamini. Niliona kwamba mtu akipewa karatasi ya namna hiyo atajisikia ameshirikishwa kwenye jambo la heshima. Sikuandika neno “kuomba” popote. Niliandika kwamba tunaalika washirika.

Wa kwanza kumpelekea alikuwa rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, ambaye ana cheo kwenye mradi mmoja wa afya. Hii ilikuwa kabla mabenki ya mji hayajafunga kwa sababu ya vita, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba watu hawakuwa na kitu. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaita wenzake wawili.

“Mukuje muone! Trois ans! Sisi tunapiganiaka siku tatu za Uvira, huyu banamupa miaka tatu, tena ya inje, tena na bibi na batoto!”

“Na ndege!” mmoja akasema.

“Mukubwa,” rafiki yangu akaniambia, “kule hakuna nafasi ya logistique? Uniweke ku liste. Hata ya kubeba Biblia, mi nitabeba.”

Walicheka, nami nikacheka. Palikuwa na nafasi hapo, kama pumzi mbili, ya kumwambia: ndugu, hakuna anayenilipa, nimekuja kwako nikiwa mikono mitupu. Nilimtazama akiishika ile karatasi kwa vidole viwili, kwa adabu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nilikitafuta kwake tangu tulipokuwa tunakwenda shule pamoja, yeye na viatu, mimi bila viatu. Nikasema, “Tutaona.”

Hiyo “tutaona” ilifika Bagira kabla yangu. Ndani ya wiki mbili watu walianza kuja nyumbani, na wote walikuja kuomba. Mmoja alikuwa na mtoto aliyemaliza chuo na hana kazi. Mwingine alitaka nimwachie nyumba nikiondoka, kwa kuwa kule ninakokwenda nitapewa villa. Mke wangu aliwapa chai na kuwaeleza kwa upole kwamba sisi ndio tunaotafuta wa kutusaidia. Walimsikiliza, wakazitazama fremu ukutani, wakatazama vigae, wakatazamana.

Alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, aliwaambia wazi zaidi. Alinihadithia kwamba alisimama na kusema: “Hatuna kitu. Musipotubeba, hatuendi.” Wakamjibu kwa kicheko cha upendo. “Maman misionari, tunajua! Banabakataza kusema munalipwa. Usiogope, sisi hatutasema.” Kisha wakaomba kwa machozi, saa nzima, wakimwekea mikono. Waliandika majina mawili, na moja lilikuwa la mjane ambaye sisi ndio tuliokuwa tukimsaidia.

Nyantende ndiko nilikokuwa nimeweka tumaini. Tulikwenda Jumapili na mabinti zetu, nikiwa na suti ya kijivu. Mchungaji wa kule alinipa nafasi yote ya mahubiri. Nilieleza mambo ya kisiwa, lugha yao, samaki wao, nikaeleza nilivyosoma, nikaeleza stoo ya magodoro. Nilisema vizuri, sijawahi kusema vibaya mbele ya watu. Nilipomaliza niligawa karatasi, na wazee wakazipokea kwa mikono miwili.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinyanyuka kwenye benchi la mbele. Ni mwanamke asiyejua kusoma wala kunyamaza.

“Asinge,” alinisalimu kwa Kimashi, “mutoto ya kaka yangu. Mi niulize. Unasema unaenda kuwa misionari?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Misionari mi nawajua. Wale ba padri wazungu, tulikuwa tunaenda ku misioni yao tukiwa batoto. Banatupatia maziwa ya unga, banatupatia blanketi. Misionari analetaka.” Akainua ile karatasi juu. “Sasa weye misionari gani, unakuja kukamata?”

Kanisa zima liliangua kicheko, na hata mchungaji alificha mdomo. Mke wangu alinigusa kiwiko. Najua alichotaka: niseme wakati huohuo, wakiwa bado wanacheka, kwamba shangazi amesema kweli, kwamba safari hii misionari ndiye anayekuja kuchukua, kwa sababu ametoka kwao na hana kwingine. Watu waliokuwa wanacheka vile wangenisikia. Lakini nilikuwa na suti, na jamaa waliokuwa wakinipita darasani tukiwa wadogo walikuwa kwenye mabenchi ya nyuma wakinitazama.

“Shangazi,” nikasema, “siku yangu ya kuleta inakuja.”

Wakapiga vigelegele. Nikawatajia na siku ya kuondoka, Jumamosi ya kwanza baada ya kiangazi, kana kwamba tiketi zilikuwa mfukoni.

Tulifika nyumbani, mke wangu akiwa mbele. Alivua viatu, akakaa kwenye kitanda cha watoto. “Umewaahidi,” alisema. “Tulienda batupe, na weye umewaahidi.”

Kiangazi kilipoisha tulikuwa na nyumba tisa. Nililiandikia shirika barua tatu nikiomba wanisubiri, na mara hiyo nililiandika lile neno, mara nyingi, kwa Kifaransa safi. Walijibu kwa heshima. Familia nyingine ilikuwa tayari, baba na mama vijana, mama si mkunga, lakini watu wao walikuwa wamekamilika. Walitutakia neema katika huduma yetu ya nyumbani. Nilimsomea mke wangu barua hiyo jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Aliuliza jambo moja tu: “Yule bibi hajui kuzalisha?” Nikamwambia hajui. Akaendelea kumenya.

Nyantende sikupeleka habari. Kila siku nilijiambia kesho, na kila nilipofikiria shangazi akisimama kwenye benchi lake nilipata kazi nyingine ya kufanya. Jumamosi ile ikafika. Asubuhi tulisikia nyimbo barabarani, zikipanda kilima. Mke wangu alifungua mlango, akaufunga tena, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Walikuja watu zaidi ya hamsini. Walikuwa wamekodi lori lililowafikisha chini ya kilima, na huku juu walipanda kwa miguu. Walibeba maharage kwenye magunia, ndizi, unga wa muhogo, kuku wasiopungua ishirini, jibini la kienyeji lililofungwa kwenye majani, na mbuzi mmoja. Kila nyumba ya Nyantende ilileta kitu. Wale waliokuwa wamepewa karatasi walikuwa wamezivaa shingoni kwa uzi, ili mlinzi wa uwanja wa ndege wa Kavumu asiwazuie.

“Tumekuja kusindikiza,” shangazi alisema akihema. “Kuku hizi mutakula njiani. Mbuzi, kama ndege inakataa, muuze. Na kila mwezi tutakuwa tunaleta vingine hapa, mutume mutu akamate, maana mutoto ya mutu akiwa njiani hatuachi kumusindikiza mpaka anafika.”

Mimi niliyesema mbele ya maprofesa nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Mke wangu alitoka, akasimama kwenye ngazi kati yangu na wao, akawaambia kwa Kimashi, lugha ambayo yeye hakuzaliwa nayo bali alijifunza kwa ajili yangu. Aliwaambia hatuendi. Aliwaambia hakuna aliyekuwa anatulipa, tangu mwanzo, na kwamba zile karatasi zilikuwa za kuomba, ila tuliona haya kuomba. Alisema “tuliona”. Hakusema ni nani.

Hakuna aliyecheka. Wakakaa chini uani, kwenye majani, kama watu wanavyokaa kwenye kilio, wanawake wamenyoosha miguu. Mmojawapo akaivua karatasi shingoni, akaikunja vizuri na kuirudisha mikononi mwa mke wangu, na wengine wakafanya hivyohivyo, mmoja mmoja, mpaka akawa na rundo. Shangazi alikuja mpaka nilipo.

“Ungesema kusindikiza,” aliniambia polepole, bila dhihaka. “Ile neno tunaijua. Hii ya misioni ni ya benye kazi.”

Waliwapika kuku wote siku hiyo, maana hawarudishi kilichotoka nyumbani kwa safari. Tulikula pamoja. Mbuzi walituachia.

Nimepata kufikiri kwamba labda Mungu hakutaka. Ni mawazo ya kunifaa, na kama mwanatheolojia ningeweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote. Mbele ya mke wangu siwezi. Amerudi kwenye zamu za usiku, anazalisha wanawake wa mji huu, na hajanilaumu hata mara moja. Zamani tukiomba kabla ya kula alikuwa akisema, Bwana, ututume. Sasa anashukuru kwa chakula, anawataja mabinti, anawataja wagonjwa wake, na anasema amina mapema kuliko ninavyotarajia, nami nabaki nimefumba macho, nikingoja.