Mkwe Aliyekwenda Kungoja Theluji

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nashika shavu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa mwanangu Salim, mjini Guangzhou, koti la safari bado liko mwilini, na bibi mmoja wa Kichina, jirani wa mlango wa pili, amesimama mbele yangu ananisema. Sikuelewa hata neno moja. Lakini mtu akisemwa hujua kwamba anasemwa, hata kama lugha haijui.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo utanihukumu kabla hujanijua.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa na miaka arubaini na sita na ndiyo kwanza ninaitwa bibi, bibi mbichi, meno yote kinywani. Salim alikwenda China kwa skolashipu, alipomaliza masomo akabaki, akawa anashughulikia mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo katika jengo la Tianxiu. Mkewe, Zuwena, alipokaribia kujifungua ilibidi mtu aende. Kwetu Tanga uzazi wa kwanza ni wa mama mzazi. Binti hurudi kwao, na mama yake ndiye anayemkanda, anayemfunga tumbo, anayekaa naye mpaka arubaini itimie. Mama yake Zuwena alikuwa ameshafariki. Basi nikaenda mimi, mama mkwe, na nilikwenda kwa moyo mmoja, usidhani nilisukumwa.

Sasa nikwambie ugonjwa wangu. Mimi ni mdadisi. Nikiona watu wamekusanyika, lazima nijue kuna nini. Na Guangzhou, mwanangu, ilikuwa karamu kwa mtu kama mimi. Nilikuwa nasimama dirishani nikitazama wanawake wanavyotundika nguo kwenye miti ya mianzi iliyotokeza nje ya ghorofa, nikajiuliza upepo ukivuma inakuwaje. Asubuhi niliona wazee wanatembea kinyumenyume bustanini, kwa makusudi, na wengine wametoka na ndege wao kwenye vizimba ili wapate hewa. Jioni nilimpokea Salim kwa maswali hata viatu hajavua. Akacheka, akasema, "Mama, wewe ungekuja kusoma, mimi ningebaki Tanga."

Kazi iliyonipeleka niliifanya, hilo sijisifu wala sidanganyi. Uji wa pilipili manga ulipikwa, maji ya moto yalichemka, tumbo la mzazi lilifungwa kwa kanga, na mjukuu wangu Nasra alikandwa mafuta asubuhi na jioni. Kila nilipoamka nilimuuliza Zuwena, "Hujambo, mwanangu?" Naye akajibu, "Sijambo, mama." Nikashika njia yangu kuelekea dirishani.

Ilikuwa majira ya baridi, na nyumba zile hazikuwa na kitu cha kupasha moto. Sakafu ya vigae ilikuwa baridi inayopenya mpaka kwenye soksi, na mzazi hatakiwi kukanyaga baridi. Nikaona nimtengenezee zulia la miguuni pa kitanda. Kazi hiyo nilijifunza usichana wangu kwa mwalimu mmoja mgeni. Unatandaza gunia la katani kwenye fremu ya mbao, unashika utepe wa kitambaa kwa chini, unachomeka kulabu kwa juu na kuvuta, kinatoka kitanzi. Kitanzi kwa kitanzi mpaka gunia lisionekane. Salim akanipeleka Zhanxi, karibu na stesheni ya treni, wanakouza nguo kwa jumla. Mikokoteni ilikuwa inapita nusura inichukue mguu. Nikamwonyesha mama mmoja vipande vilivyoanguka chini ya meza yake. Akasema "meiyou", yaani hakuna, huku anavikanyaga. Salim akazungumza naye, nadhani alimtaja mtoto mchanga, maana yule mama alinijazia mfuko mzima na hela akakataa.

Zulia likaanza. Na vyuo vilipofungwa kwa likizo ya baridi, wageni nao wakaanza, watoto wetu wanaosoma miji ya mbali, mmoja kaleta nguo za mtoto, mwingine kaleta njaa yake tu. Katika hao alikuwamo Idi, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuwa anasoma Beijing. Idi akakaa kitako akaanza kusimulia theluji. Akasema inashuka bila sauti. Mvua gani hiyo isiyo na sauti? Neno lile likanikaa kichwani, kila nikivuta kitanzi nasikia "bila sauti". Idi akasema, "Twende basi, mama mdogo. Siku nne tu, nitakurudisha mwenyewe."

Nikamuuliza Salim, akasema hiari yangu. Nikamuuliza Zuwena. Alikuwa amempakata mtoto, amegeukia ukutani. Akasema, "Nenda, mama. Sisi hatujambo." Nasra alikuwa na siku kumi na tano. Nikafunga begi, na zulia nikalikunja nikalichukua nilimalizie kwenye treni. Ndiyo, mwanangu, zulia la miguu ya mzazi nililichukua mimi, mzazi nikamwacha kwenye vigae.

Siku nne zilipita na theluji haikushuka. Nikasema nisije nikarudi mikono mitupu baada ya safari yote ile, nikaongeza siku mbili, kisha moja. Siku ya nane asubuhi ikashuka. Kweli haina sauti. Nilisimama uani pa bweni la Idi nimekinga viganja kama mwombaji, nikacheka peke yangu. Ilikuwa nzuri, sitakudanganya kwamba haikuwa nzuri.

Niliporudi, Idi alinifikisha mpaka chini ya ghorofa, Salim alikuwa kazini, na mlango alinifungulia yule bibi jirani. Tulimwita Bibi Liang, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, nywele amezikata kama mwanafunzi. Hakunipisha. Nilimwona Zuwena nyuma yake kitandani, macho yameingia ndani, kitambaa chenye mvuke kifuani. Nasra alikuwa amepungua hata ngozi ya mapaja imelegea. Juu ya meza palikuwa na dawa za hospitali na kitana cha mti kwenye bakuli la maji ya moto.

Kile kitana nilikijua. Ziwa likijaa na kuwa gumu, hata sisi Tanga hupasha kitana, tukalichana taratibu kuelekea chini mpaka maziwa yafunguke. Dawa ile ile, mwanangu, na mikono yangu ilikuwa inaijua tangu Salim mchanga. Mikono yenyewe ilikuwa Beijing inakinga theluji.

Bibi Liang akanionyesha kiti, nikakaa, akanisema. Alisema kwa kirefu, bila kupaza sauti, kidole kimoja kinaelekea kitandani, kingine kinaelekea kwangu. Alipomaliza nikamgeukia Zuwena, aliyekwisha kujua Kichina cha kutosha. Akatazama shuka. Akasema, "Anasema pole na safari, mama."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, udadisi wangu ukageukia pale ulipotakiwa. Nikamwambia, "Zuwena, yale yalikuwa maneno mengi. Pole na safari ni maneno matatu. Amesema nini?"

Sikuinuka, sikwenda dirishani. Nikauliza tena, taratibu.

Akasema, "Anauliza umekuja China kumtazama nani."

"Na wewe unaniambiaje?"

Machozi yakamtoka kwanza, maneno yakafuata. "Ziwa linaniuma tangu siku ya kumi, mama. Ulikuwapo. Niliona haya kukuambia, wewe ni mkwe wangu. Angekuwa mama, nisingemwambia, angeliona mwenyewe. Juzi homa ilipopanda Salim alitaka kukupigia simu, nikamkataza, nikasema mama anafurahi, mwacheni. Lakini kila asubuhi ukiniuliza hujambo, nilikuwa nasema leo atauliza mara ya pili. Leo atauliza mara ya pili."

Nilivua koti, nikanawa mikono, nikamwomba Bibi Liang kitana kwa ishara. Akanitazama usoni, kisha akanipa. Nilimchana Zuwena huku nalia kama mtoto, naye analia, na Nasra naye hakukubali kuachwa nyuma. Maziwa yalirudi siku ya tatu. Kuanzia hapo sikutoka mpaka arubaini ikatimia. Zulia tulilimalizia pamoja, yeye anakata tepe, mimi navuta, na nikawa namuuliza habari za mama yake, alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa akicheka vipi. Miaka miwili alikuwa mke wa mwanangu na sikuwahi kumuuliza.

Mwanangu, wewe kijana unayependa kuona dunia, sikukatazi. Nenda, iulize maswali, itakujibu. Lakini jua kwamba mji wa kigeni hauoni haya kukuonyesha mambo yake, na mtu wa nyumbani kwako anaona haya. Anayekuheshimu ndiye atakayekuficha maumivu yake vizuri zaidi. Salamu ya kwanza atakujibu kwa adabu. Kwa hiyo uliza mara ya pili, na ukishauliza kaa kitako, usimjibie wewe, wala usitazame saa. Kama hana neno, umepoteza dakika tano. Kama analo, huenda umemwokoa, na mwanawe pia.

Mwenyezi Mungu akufikishe kila nchi ambayo moyo wako unaitamani, na akurudishe ukiwa mzima. Akupe macho ya kuwaona wako wangali karibu. Na siku utakayosema "sijambo" na si kweli, akujaalie mtu wa kukuuliza tena.