Bolti Nne za Kiti cha Nyuma

Noah ile, gari la familia, Dorosela aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Makambako aliyekuwa anahama, na tangu siku ya kwanza aliikagua kama mtu anavyohesabu vifaranga jioni. Matairi manne na la akiba. Vioo vitatu. Kila kiti cha nyuma, bolti nne. Shule aliishia darasa la saba, lakini kuhesabu hakuna aliyemshinda pale Mjimwema.

Ila msiba haukataliwi. Mtu akifa, watu wa jumuiya wanamjia Basil, mume wa Dorosela, na Basil hutoa ufunguo kabla mwombaji hajamaliza salamu. Viti vya nyuma vinang'olewa ili jeneza liingie, vinabaki barazani na kuku wanalala juu yake. Wakishazika, wanavirudisha harakaharaka, wanasema asante, wanaondoka.

Jumamosi iliyopita Dorosela alimpeleka bintiye Conjesta kununua sweta ya shule. Karibu na kuingia Makambako, kwenye mteremko, lori la viazi lilisimama ghafla mbele yao. Akakanyaga breki. Breki zilishika, maana alizibadilisha mwenyewe mwezi wa pili. Conjesta alikuwa amefunga mkanda kama alivyofundishwa. Mkanda ulimshika kwenye kiti. Kiti ndicho hakikushikwa na kitu. Kilibinuka pamoja naye, paji la uso likagonga chuma cha kiti cha mbele. Nyuzi tatu.

Siku hiyohiyo Dorosela aliinua kapeti. Bolti moja. Kwenye matundu matatu yaliyobaki kulikuwa na waya wa kufungia nondo, umesokotwa vizuri kama kikapu. Alienda dukani, akanunua bolti tatu, akafunga mwenyewe. Na hasira akaiweka, hakumpa mtu.

Alhamisi asubuhi akaja Polikarpo, mwenyekiti wa jumuiya, kofia mkononi.

"Kamwene, Mama Conjesta. Bibi Oktavia ametutoka. Mwili uko hospitali Makambako, tunamzika leo saa nane."

"Kamwene. Poleni sana," Dorosela akasema. Basil alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni. "Baba Conjesta, toa mkono. Ufunguo ninao mimi."

Akaenda ndani, akarudi na ule waya, akauweka kwenye kiganja cha Polikarpo.

Polikarpo akaugeuzageuza. "Huu ni waya mgumu, mama. Tuliuzungusha mara tatu. Bolti zilipotea kwenye majani kule makaburini, na watu walikuwa wanawahi."

"Mwanangu naye kashonwa mara tatu."

"Pole kwa mtoto. Lakini sasa tufanyeje, tumwache bibi wa watu hospitali kwa ajili ya bolti? Marehemu hatauliza habari za bolti."

"Marehemu hakai kiti cha nyuma."

"Hili gari limekuwa la Serikali, lina masharti," Polikarpo akamtania Basil. Basil akatazama chini, na kule kutazama chini kulimkera Dorosela kuliko utani wenyewe. Alikuwa analea mtoto pamoja na mwanamume asiyejua kusema hapana, na majirani wote wanamwita mtu mwema.

"Nitaendesha mimi," akasema. "Viti nafungua mimi, bolti zinakaa kwenye mkoba wangu. Na kufunga utafunga wewe."

Akamleta Bibi Oktavia taratibu, kwa heshima zote, maana bibi hakuwa na kosa. Walipomaliza kuzika, ndugu wa Makambako walitakiwa kurudishwa kwao, na Polikarpo awasindikize. Noah ikasimama uani. Dorosela akamhesabia bolti mkononi, akampa spana. Polikarpo akainama, akafunga, akajipangusa magoti.

"Tayari, mama."

"Zote?"

"Zote. Zimekaza."

Akaelekea mlango wa mbele, mahali anapokaa siku zote.

"Hapo atakaa shangazi wa marehemu," Dorosela akasema. "Wewe kaa nyuma, pale alipokaa Conjesta."

Polikarpo akasimama. Akakitazama kile kiti. Ndugu wa marehemu walikuwa wanamsubiri apande, shali zimefungwa shingoni kwa baridi.

"Naomba tena hiyo spana," akasema kwa sauti ndogo.

Dorosela akampa. Akamsimamia, akaangalia mkono wake. Bolti ya kwanza ilisogea kidogo. Ya pili kidogo. Ya tatu nusu mzunguko. Ya nne ilizunguka mara mbili nzima kabla ya kushika.

Polikarpo akapanda, akajifunga mkanda, akautikisa.

"Kumbe unajua kukaza," Dorosela akasema. Akapokea spana, akaiweka kwenye mkoba, akawasha gari. Walipofika ule mteremko barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata baiskeli. Kwenye kioo alimwona Polikarpo ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakumwonea huruma.