Shingo Isiyoingia Kwenye Kola

Fundi Futi alipata jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia haikuwahi kumtoka mabegani. Alikula nayo, alisinzia nayo, na misibani aliivaa chini ya koti. Miaka thelathini na moja ameshona nguo za watu, na kiapo chake kilikuwa kimoja: "Nikikosea robo inchi, nichomeni pasi."

Basi asubuhi moja shati lake jeupe likagoma kufunga kifungo cha juu. Futi akalaumu kitambaa. Akashona jingine kwa kipimo chake cha tangu ujanani, inchi kumi na tano na nusu. Likagoma. Akamfuata muuza vitambaa, wakagombana hadi mate yakawakauka. Shati la tatu lilipogoma, alihukumu kwamba futi yenyewe imesinyaa, akanunua mpya.

Mkewe alikuwa akimtazama tu.

"Baba watoto, mashati matatu umeshona. Shingo umeipima?"

"Shingo yangu naijua."

"Hebu meza mate."

Akameza. Upande wa kulia kitu kikapanda na kushuka, kama jirani anayechungulia ukutani. Mke akaweka kikombe chini.

"Kweli mganga hajigangi," akasema, na kabla chai haijapoa walikuwa njiani kwenda hospitali.

Huko walipelekwa kwa daktari wa picha, mwanamke mpole mwenye miwani, ambaye alimlaza Futi kitandani, akamwekea mto chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma. Akampaka jeli shingoni. Futi akaruka kama aliyemwagiwa maji ya mtungi.

"Tulia, baba. Usiongee, usimeze."

Kwa mtu aliyekatazwa kumeza, mate huja kama mvua. Futi akakaza macho kwenye kioo cha mashine, ambako shingo yake ilionekana kama blanketi la kijivu lenye shimo jeusi. Daktari akatia alama ukingo huu, akatia ukingo ule.

"Milimita ishirini na mbili kwa kumi na nne."

Futi akainuka nusu. "Umeacha nyongeza ya mshono?"

"Nyongeza ya nini?"

"Hakuna anayepima ukingo kwa ukingo! Ngoja." Akachomoa futi mpya mfukoni, akaibandika kwenye kioo, jeli ikimtiririka kifuani. "Umeona? Inchi tatu kasoro!"

"Baba, mashine imekikuza hiki kivimbe ili nikione vizuri."

"Basi mashine yako inatia chumvi."

Daktari alikaa chini. Miaka tisa alikuwa amepima shingo za watu, na hakuna aliyewahi kumpimia yeye mashine. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeuzia kioo na kumweleza taratibu: kivimbe kiko kwenye tezi ya shingo, kimejaa maji, kingo zake ni laini, kimelala kwa upana badala ya kusimama, na hakina zile chembe nyeupe zinazowatia madaktari wasiwasi.

"Kingo hazijachanika?" aliuliza Futi.

"Hazijachanika."

"Pindo safi," alimwambia mkewe, kana kwamba amekishona mwenyewe.

Sindano haikuhitajika. Aliambiwa arudi baada ya mwaka, kipimwe tena kuona kama kinakua.

Mwaka ule mzima Futi alijipima shingo kila asubuhi, akaandika vipimo ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Wateja walidhani ni oda za watu. Mmoja alisubiri wiki mbili ili suti ya mtu ambaye hakuwepo iishe kwanza. Mkewe akimuuliza kama ana hofu, alimjibu, "Hofu ya nini? Nafuatilia kazi."

Siku ya kurudi ilipofika, alikwenda na mkewe, na daftari lenye vipimo vyote. Daktari akampaka jeli, akatia alama ukingo huu na ule, akalinganisha na picha ya zamani.

"Kilekile, baba. Hakijaongezeka hata kidogo."

Futi hakubisha. Alitazama dari, kisha machozi yakamtoka, yakateremka masikioni. Daktari, akidhani amembonyeza sana, akamwomba radhi na kumpa karatasi za kujifutia. Mkewe ndiye aliyeelewa. Akamshika mguu, sehemu pekee iliyokuwa karibu naye, akaung'ang'ania hadi alipomaliza kulia.