Ngazi ya Mabirika Matatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka mtaa wa Hjulsta kwa treni nikijizoeza salamu ya Kiswidi njia nzima. Nilipofika mlangoni ikanitoka kichwani. Wakanipa ufunguo wa kabati la karatasi na birika la kahawa.

Ofisi yetu ilichora ngazi za mzunguko za majumba ya ghorofa. Mimi, wa darasa la saba, nililisha printa karatasi na kupika kahawa, kwa majaribio ya miezi sita.

Kompyuta yetu ndogo iliendeshwa na mfumo wa Unix, lakini haikuwa na chipu ya kukokotoa desimali. Kila desimali ilipelekwa kwenye maktaba ya hesabu, yaani programu iliyokokotoa polepole, kama mtoto anayemaliza vidole vya mikono kisha akavua viatu. Kwa hiyo kazi tuliipima kwa kahawa. Ngazi ya ghorofa sita ilikuwa ya mabirika matatu, na wenzangu hawakuinuka kwenye fika, mapumziko yao ya kahawa, mpaka mashine imalize.

Wiki yangu ya mwisho ya majaribio, saa saba mchana, Mkuu wa Idara alinikuta jikoni.

"Mteja amebadilisha kimo cha ghorofa. Anataka mchoro mpya saa nane. Tukimkosa, sitahitaji mpishi wa kahawa."

Nikampelekea kikombe Bwana Ssali, Mganda aliyeandika programu zetu. Kwenye skrini yake namba zilezile zilikuwa zikipita na kurudi.

"Mzee," nikanong'ona, "mbona inakokotoa pembe zilezile kila ghorofa? Sisi shuleni jedwali la kuzidisha lilikuwa nyuma ya daftari. Tulichungulia tu."

"Mdogo wangu, unanifundisha kuibia mtihani?"

"Hapana, mzee. Kuchungulia."

Akacheka, akaandika jedwali: kila pembe ikokotolewe mara moja, ihifadhiwe, kisha programu ichungulie. Mashine ikamaliza kabla maji hayajachemka. Mkuu alikuja mbio akidhani imeharibika. Akakagua namba kwa kikokotoo chake; zilikuwa sahihi. Mteja akatia saini, nami nikaajiriwa.

Kesho yake wenzangu walininunia. Fika ilikuwa imekosa kisingizio. Hatimaye Mkuu mwenyewe akamwinamia Bwana Ssali.

"Tafadhali, turudishie birika moja."

Mzee akaongeza mstari mmoja kwenye programu: subiri.

Nimestaafu nikiwa mwendeshaji wa mashine. Kompyuta tulizibadilisha mara nyingi, kila mpya ikiipita ya zamani kwa kasi, na mstari ule ukahamishwa nazo. Siku ya kuagwa, mhandisi mpya aliuona.

"Huu unatuchelewesha. Niufute?"

"Kaa kwanza, dada," nikasema. "Nikumiminie."