Gia ya Pili Kuelekea Bombo

Harufu ya petroli iliyochanganyika na tangawizi mbichi hunirudisha Myamba popote niwapo, na nimezunguka pengi. Nilifika huko nikiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya siku mbili za basi na lori, kisha kupanda mlima kwa miguu kutoka Bendera, begi kichwani. Baba alibaki kwenye mashamba ya mkonge. Mama yake, yaani Bibi yangu, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama juu hadi chini, akamwuliza shangazi, "Huyu wa mkonge atayaweza makande yetu?"

Wajukuu wengine wa kiume aliwaita "mume wangu", akawatania kutwa. Mimi nikabaki "wa mkonge". Iliniuma, jamani.

Shangazi alikuwa bibi shamba, mshauri wa wakulima, na kazini walimpa pikipiki ndogo isiyo na mkono wa klachi: ukikanyaga gia, klachi inajiachia hapo hapo chini ya mguu. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, ila petroli bado tuliinunua kwa chupa za soda. Shangazi aliendesha na mabuti ya mpira, hivyo hakuhisi kitu. Kila gia ilikuwa teke. Bibi alipanda mara moja tu. Gia ya pili ikamtikisa mgongo, akashuka, akaapa hapandi tena.

Kisha ikaja habari kwamba dada yake Bibi wa Bombo hainuki tena kitandani. Magoti ya Bibi hayakuweza yale mabonde.

Mimi nilikuwa nimejifunza kuiendesha kwenye uwanja wa kanisa, peku. Unyayo ulinifundisha: achia resi, kanyaga, usiutoe mguu haraka, uache upande taratibu, kama unamlaza mtoto aliyesinzia, ndipo uongeze resi. Gia ikishika bila kushtuka, mwili mzima ulinisisimka.

"Mama, panda na huyu," shangazi akasema.

"Akiniua, utamzika na yeye," Bibi akajibu. Lakini akapanda, akakaa kiupande, akalikamata shati langu.

Tuliteremka, moyo ukinidunda kuliko injini. Kwenye kona kali nikarudi gia ya pili.

"Hubadili gia wewe?"

"Nimeshabadili, Bibi."

"Mbona sijasikia?"

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha!

Huko Bombo, dada yake akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kakuleta?"

"Mume wangu," Bibi akasema. "Yuko nje, hana hata viatu."

Kwa miaka mingi niliamini jina lile nililipata kwa ufundi wa mguu. Nimeelewa ukubwani, nikibebwa na madereva nisiowajua katika miji ya watu. Bibi alipanda kabla hajajua kama naweza, na aliyekaa nyuma hana gia wala breki.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, shangazi ndiye aliyenishusha Bendera. Kwa mara ya kwanza nilikaa nyuma kwenye mteremko ule, begi mapajani, mikono haina kazi. Nikamshika koti.